Dagaa wa Mama Mchumi

Mhariri, jina langu lifiche kwanza, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Nimekosa. Sizungushi maneno. Nimemkosea mama yangu mzazi, tena nimemkosea akiwa kaburini, mahali ambapo hawezi hata kunikata jicho. Na kosa lenyewe sikulifanya kwa njaa wala kwa hasira. Nililifanya kwa kupenda kuitwa mtaalamu!

Ndugu msomaji, kaa vizuri nikusimulie. Ukitaka kunicheka nicheke, maana hata mimi nimejicheka mpaka nikalia.

Mama yangu alikuwa mchumi wa serikali. Mchumi wa kusomea, si wa redioni. Ujana wake wote uliishia kwenye ofisi za mipango hapa mkoani Kigoma, na alipostaafu akarudi kwenye nyumba yetu Buzebazeba, huku Ujiji, akaweka kiti barazani, akakaa. Mtaa mzima ulimwita Mama Mchumi. Padri alimwita Mama Mchumi. Nadhani hata malaika alipokuja kumchukua aliulizia kwa Mama Mchumi, akaonyeshwa nyumba.

Baba alitutoka mapema. Tulibaki watoto wawili, dada yangu ambaye sasa yuko Dodoma, na mimi kitindamimba mwenye pumu. Mama akitumwa vijijini kukagua miradi alinibeba, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na kifua changu. Wakati fulani walimwita makao makuu wakampa na cheo. Alikataa, akasema vumbi la kule litanimaliza. Cheo akapewa mtu aliyekuwa chini yake, na mtu huyo akawa bosi wake mpaka anastaafu. Hakuwahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja.

Kwa hiyo mimi nimekulia vikaoni. Nimelala mapajani mwa mama huku watu wazima wakibishana kuhusu mashine ya kukamua mawese na ghala la mahindi. Ndiyo maana nasema sina kisingizio. Wapo ambao hawakupata pa kujifunzia. Mimi nilijifunzia mapajani na bado nikatoka mtupu!

Nyumbani kwetu hukuweza kuomba kitu ukapewa hivi hivi. Unakwenda unasema, "Mama, naomba viatu vipya." Anakuangalia.

"Vya zamani vimekukosea nini?"

Unaeleza.

"Hivyo vipya utavivaa kwenda wapi?"

Unaeleza.

"Na mguu wako umemaliza kukua, au bado unaendelea?"

Hapo unarudi chumbani umenuna. Baada ya muda viatu vinakuja. Vimezidi kidogo mbele, na ndani ya ncha amekujazia pamba ili visikupwaye mpaka mguu ufike. Hakusema chochote kuhusu ile pamba, uliikuta mwenyewe.

Alipostaafu, maswali yale yale akayahamishia barazani. Wanawake wa mwambao walikuwa wanakuja kwake, wauza dagaa, wauza mawese, hata wauza vitenge. Mmoja wao nitamwita Mama Feza. Si jina lake, lakini atajijua. Anatoka Mwamgongo, kule kaskazini ambako hufiki ila kwa boti, na anaanika dagaa tangu ujana wake.

Nakumbuka alikuja mwaka mmoja ziwa likikaribia kufungwa. Kwa asiyejua, siku hizi serikali hulipumzisha Ziwa Tanganyika miezi kadhaa kila mwaka ili samaki wazaliane. Hakuna kuvua. Mwenye dagaa wakavu kwenye stoo anakuwa mfalme, au anadhani atakuwa mfalme.

"Mwakeye, Mama Mchumi," alisalimia, ameinama na viganja amevikutanisha kama wanavyosalimia Waha.

"Mwakeye, mama. Ziwa linasemaje?"

"Ndilo linafungwa. Nikasema nije unipe neno. Niuze sasa au nishikilie?"

"Ukishikilia, nyumbani mtakula nini?"

"Tuna muhogo kidogo."

"Paa la stoo yako linavuja?"

"Upande mmoja."

"Na nani mwingine anashikilia kama wewe?"

"Eh! Mwamgongo nzima, mama."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge chake, akanyamaza. Alikuwa anaweza kunyamaza mpaka mtu akajisikia kuungama dhambi za utotoni. Mama Feza akatazama chini, akatazama juu.

"Basi niuze nusu," alisema.

"Mimi sijasema kitu."

"Ego, kweli hujasema. Lakini naenda kuuza nusu."

Akaondoka anashukuru kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa mlangoni nakula muwa. Nilijisemea moyoni, hivi hii ndiyo kazi aliyosomea miaka yote? Kuuliza watu kama paa linavuja? Hii hata mimi naiweza!

Loo! Laiti ningeumwa jino siku ile, nikakosa kusikia.

Mama alitutoka baada ya kuugua muda mfupi. Nilikuwa naye chumbani, nampa uji kwa kijiko. Aliusukuma mkono wangu taratibu, akaniuliza, "Wewe umekula?" Nikamwambia nimekula. Nilikuwa sijala. Hakusema neno jingine baada ya hapo. Hakuniachia siri yoyote ya uchumi, wala utabiri wa bei. Msomaji, swali hilo la mwisho liweke kando, tutalihitaji.

Matanga yakaanuliwa, dada akarudi Dodoma, mimi nikabaki na nyumba. Mchana nauza vipuri vya pikipiki pale Mwanga, na jioni narudi barazani. Siku moja nimekaa kwenye kiti cha mama, si kwa ubaya, kiti chenyewe kina mto mzuri. Akaja mwanamke wa Simbo kutoa pole. Alipomaliza kulia akabaki amesimama.

"Sasa mwanangu, sisi tutamwuliza nani? Nina mawese yangu nyumbani, sijui niyatoe, sijui niyaache."

Kulikuwa na mpira kwenye televisheni, nilisikia watu wanashangilia ndani. Nilitaka aondoke. Nikamwambia, "Subiri kwanza, mama. Yaache."

Akaondoka. Akayaacha. Bei ikapanda!

Jamani, ningeomba ile bei ishuke. Ingeshuka, mimi leo ningekuwa muuza vipuri mwenye heshima zake. Yule mama alirudi na jogoo! Akasimulia Simbo nzima kwamba mtoto wa Mama Mchumi amerithi. Akaongeza kitu ambacho kiliniingia kichwani kama pombe ya mnazi. Alisema, "Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa anatuuliza maswali tu. Huyu anajibu!"

Wakaanza kuja. Mwanzoni nilikuwa nasema nafikiri mama angekubaliana na hili. Watu wanaitikia, lakini macho hayawaki. Siku moja nikasema, "Mama kabla hajafumba macho aliniambia." Eh! Ungeona! Mtu aliyekuwa ameegemea ukuta akakaa sawasawa. Kuanzia siku ile mama yangu akawa haachi kuongea. Kila jambo alikuwa ameniambia kitandani. Bei ya mawese aliniambia. Vitenge vya Kongo aliniambia. Mtu akiuliza kuhusu mbuzi, hilo nalo aliniambia. Mgonjwa aliyeshindwa kumeza uji alikuwa, kwa maelezo yangu, anahutubia kutwa nzima.

Nikachukua na miwani yake. Hili nimelificha mpaka leo. Nilikuwa naivaa nikikaa barazani, halafu naivua na kuifuta kwa shati kama alivyokuwa anafanya. Macho yangu ni mazima, na miwani ile ilikuwa kali, kwa hiyo nikiivaa sioni kitu. Watu waliokuja kunitaka ushauri niliwaona ukungu mtupu. Nilikuwa nawatambua kwa sauti.

Dada yangu alinipigia simu kutoka Dodoma.

"Nasikia umekuwa mchumi."

"Watu wananiheshimu tu, dada."

"Wewe na uchumi wapi na wapi? Wewe mtu wa breki na cheni!"

"Mama aliniachia mambo."

Akasema mtoto anamwita, akakata. Nilimwona ana wivu.

Ziwa likakaribia kufungwa tena. Mama Feza akaja na wenzake wa Mwamgongo, wamekuja kwa boti mpaka Kibirizi na kutoka Kibirizi wakapanda bajaji, kwa ajili yangu! Wamejaa baraza. Wakauliza lile lile. Wauze au washikilie?

Sasa msomaji, maswali ya mama niliyajua. Niliyasikia nakula muwa. Watakula nini, paa linavuja, nani mwingine anashikilia. Yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini ukiuliza maswali unaonekana hujui, na mimi nilikuwa nimekwisha zoea kuonekana najua.

Nikavaa miwani. Nikavua. Nikafuta.

"Msiuze hata gunia moja," nilisema. "Shikilieni mpaka mwisho kabisa, zikibaki siku chache ziwa lifunguliwe. Hapo njaa ya dagaa ndiyo iko kileleni. Hapo ndipo mtoe. Mama aliniambia hili kwa sauti yake, akanishika mkono."

Wakapiga makofi. Mmoja alifuta machozi. Mama Feza akauliza kwa adabu, "Marehemu hakusema lolote kuhusu stoo?"

"Alisema msiwe na hofu."

Sikuishia hapo. Mtu akianza ujinga hupenda kuusambaza. Nikarekodi sauti nikairusha WhatsApp. "Habari za wakati huu akina mama wote wa mwambao. Anayezungumza ni mtoto wa Mama Mchumi." Nikaweka na kikohozi kidogo cha kitaalamu. Sauti ile ilitembea! Ilifika Katonga, ikafika Kibirizi, ikavuka vijiji ambavyo sijawahi kuvikanyaga. Kijana wa bodaboda aliniambia ameipata kutoka kwa shangazi yake aliyeipata kutoka Burundi. Nilifurahi, nikanywa soda.

Hesabu yangu ilikuwa na tundu moja tu, tundu ambalo mama angeliuliza kabla hata mgeni hajakaa. Nani mwingine anashikilia kama wewe? Wote! Wote wameshikilia, kwa sababu wote wamenisikiliza mimi!

Wiki za mwisho zikafika, na kila mtu akatoa dagaa wake wiki ile ile. Magunia yakajaa Kibirizi mpaka watu hawana pa kupita. Wanunuzi wakubwa wakatazama magunia, wakatazama ziwa, wakajua siku chache zijazo mitumbwi inaingia majini na dagaa wapya wanakuja. Wakakunja mikono wakasubiri. Wao hawakuwa na WhatsApp yangu, walikuwa na akili zao tu.

Na dagaa wenyewe ndani ya yale magunia! Mvua za mwisho ziliingia stoo kwa yale mapaa yanayovuja upande mmoja. Magunia yalipofunguliwa, harufu ilitangulia. Wameota ukungu, wanabonyea mkononi. Dagaa wa Kigoma, ambao mtu akisafiri huenda nao kama zawadi ya wakwe, walinunuliwa na watu wanaotengeneza chakula cha kuku. Kwa bei ya kuku!

Mama Feza alikuwa anawategemea dagaa wale kumpeleka binti yake Feza kusomea uuguzi. Chuo kilishampokea. Msichana alibaki Mwamgongo anapara samaki.

Utasema basi walikuja kunivunjia mlango. Hapana. Ingekuwa afadhali! Walikuja kunipa pole. Waliona mimi ni mjumbe tu, niliyefikisha maneno kama nilivyotumwa. Aliyekosea ni aliyenituma. Na mimi, badala ya kufungua mdomo, nikashukuru kwa pole.

Kisha siku moja nimepita sokoni Kibirizi natafuta migebuka. Muuzaji mmoja anamwita mteja, amemwinulia fungu la dagaa. Akapaza sauti, "Karibu mama, hawa wazima! Si dagaa wa Mama Mchumi hawa!"

Watu wakacheka. Mteja akacheka. Nikauliza, kwa sauti ndogo, dagaa wa Mama Mchumi ni dagaa gani?

"Wewe mgeni nini?" alisema yule muuzaji. "Ndiyo hao waliooza. Siku hizi ndivyo tunavyowaita."

Nilirudi nyumbani bila samaki. Mwanamke aliyeacha cheo kwa ajili ya kifua changu, jina lake sasa ni la uozo sokoni, na watu wanalicheka huku wanapunga nzi. Mimi jina langu ni safi. Niliumia, nakwambia ukweli, niliumia mpaka kifua kikabana kama cha utotoni, na mtu wa kunikanda hayupo.

Ungedhani hapo nilisema. Sikusema!

Mwaka ukatimia. Tukaandaa misa ya kumbukumbu na kusimika msalaba kaburini, pale pale kando ya nyumba. Dada akaja kutoka Dodoma. Nikasoma wasifu wa marehemu nilioutunga mwenyewe, na humo nilimjaza mama vyeo vyote alivyowahi kusogelea. Mjumbe wa kamati ya hiki, katibu wa kamati ndogo ya kamati ya kile. Pamba ya kwenye viatu sikuitaja. Watu walisikiliza wakitazama upande wa masufuria ya pilau.

Baba mdogo, msemaji wa familia, akasimama kufunga. Akasema yale yasemwayo siku zote. "Kama katika uhai wake ndugu yetu alimkosea mtu yeyote, familia inaomba asamehewe." Unajua jinsi inavyokuwa. Husemwa, watu huinamisha vichwa, kisha huenda kunawa mikono. Sijawahi kumwona mtu akijibu.

Mama Feza akasimama.

Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Akasalimia, akaomba radhi kwa kuchukua nafasi.

"Mimi natoka Mwamgongo, nasema na kwa ajili ya wenzangu hawa. Marehemu alikuwa mama yetu, alitukalisha, alitusikiliza. Mwishoni alitukosea. Aliacha neno, mwanawe akatuletea kama alivyotumwa, na neno lile limetuumiza, siwezi kuficha. Mwanangu yuko nyumbani kwa sababu yake. Lakini hatuwezi kumwachia mtu mzigo huko alipo." Akageukia msalaba. "Mama Mchumi, tumekusamehe. Pumzika."

Watu wote wakaitikia, "Amina."

Na mimi, msomaji. Mimi nikaitikia Amina. Tena yangu ilikuwa kubwa kuliko zote, wa mbele wakageuka.

Hili ndilo ungamo langu. Dagaa ni hasara, na hasara watu huifidia wakazeeka wakaisimulia. Lakini kusimama kwenye kaburi la mama yako, asamehewe dhambi uliyoitenda wewe, halafu uitikie! Najiuliza ni mtu wa namna gani, na jibu linanitazama kila ninaponyoa ndevu.

Dada yangu alinifuata nyuma ya nyumba.

"Mama alisema maneno hayo lini?"

"Kitandani."

"Mama? Mama huyu aliyekuwa akiulizwa saa ngapi anauliza unakwenda wapi? Leo atoe jibu?"

Nikamwambia alisema. Nilimwambia huku namtazama usoni. Alichukua mkoba wake akaondoka bila kula pilau, na mpaka leo hapokei simu yangu.

Hapo ndipo nilipoamua kwenda kusema. Nilipanda boti Kibirizi asubuhi, nimekaa katikati ya magunia ya sukari na mabati ya mtu, najisomea maneno yangu kimoyomoyo. Tulipopita misitu ya Gombe nilikuwa nimeyashika vizuri. Mwamgongo nikamkuta Mama Feza kwenye vichanja anageuza dagaa wapya. Feza yuko kando, anapara migebuka.

"Shikamoo mama. Nimekuja kusema jambo. Yale maneno hayakuwa ya mama. Yalikuwa yangu. Mama hakuniambia kitu."

Mama Feza akaacha kazi. Akanishika mikono yote miwili, mikono yake ina magamba.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilimwambia hata mume wangu, kijana yule hatavumilia mama yake alaumiwe."

"Mama, hunielewi. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Ndiyo, mwanangu. Jitwishe tu. Mtoto mwema hujitwisha." Akageuka, akawaita wenzake. "Jamani! Njooni mumwone mtoto anayempenda mama yake! Katoka Ujiji huko mpaka huku, anataka tumhesabie yeye makosa ya marehemu!"

Wakaja. Wakanizunguka. Nikapiga kelele kwamba mimi ni mwongo, hata miwani nilikuwa sioni nayo! Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyoguswa. Mmoja akapiga kigelegele. Mwingine akasema wanawe wa kiume wangejifunza kwangu. Nilikwenda kumsafisha mama, nikarudi mimi mtakatifu na yeye mkosefu zaidi! Wakanifungashia dagaa, wazuri, wakavu, wanaolia mkononi.

Ni Feza peke yake ambaye hakushangilia. Alinisindikiza mpaka kwenye boti amebeba lile furushi. Pale majini akaniuliza, kwa upole kabisa.

"Kaka, kama hayakuwa ya mama yako, Amina ulikuwa unaitikia nini?"

Nilipanda boti. Swali lile ni saizi ya mama kabisa, na nilisafiri nalo mpaka Kibirizi.

Sasa nimekaa kwenye ngazi ya baraza, kiti sikikalii tena. Miwani nimeirudisha kwenye kasha lake. Bado wapo wanaokuja kuuliza, nawaambia sijui. Wanaondoka wanasema mtoto wa Mama Mchumi siku hizi anaringa.

Ninyi mnaosoma, hasa wenye wazazi waliokuwa na majina, sikieni. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui. Ni neno fupi, halichubui koo. Na ninyi mnaopenda kujibiwa upesi upesi, mkimwona mtu anawapa jibu kabla hajawauliza kuhusu paa lenu, mkimbieni, hata kama ana miwani. Na tafadhali, msimwekee marehemu maneno mdomoni. Yeye hawezi kuyatema.

Mama Feza, najua gazeti linafika huko na boti, hata kama limefungiwa sabuni. Hukuniamini nilipolia mbele yako. Basi nakuomba jambo moja, ukae ukumbuke miaka yote uliyopanda baraza ile. Je, iko siku hata moja ambayo mama yangu alikuambia fanya hivi? Neno lake la mwisho hapa duniani aliniuliza kama nimekula. Suala la Feza na chuo ni langu, na sitalitangaza, nimeshatangaza ya kutosha.

Mhariri, jina langu lifiche kama nilivyokuomba, mimi bado ni mwoga. Lakini wewe muuzaji wa Kibirizi, siku ukifungua gunia ukakuta dagaa wameoza, mwache mama yangu apumzike. Waite kwa jina langu. Mama Feza analijua.